Si ya Mtu, Si ya Mbuzi

Tulimzika Mzee Temu, aliyekuwa mkuu wetu kazini, Kibaha mwezi uliopita, na kwenye matanga ndipo niliposikia kisa cha Kibwana kikisimuliwa kama kichekesho. Tulikaa sisi wastaafu wa maabara pembeni ya turubai, kwenye viti vya plastiki, sahani za pilau mapajani, tukikumbushana jinsi marehemu alivyokuwa mkali wa usafi wa vioo na jinsi alivyonusa chai kabla ya kuinywa, kana kwamba nayo ni kielelezo. Mara mmoja wetu, ambaye mwaka wa kisa hicho hakuwa hata ameajiriwa, akadakia, “Mnamkumbuka yule mzee wa Kisarawe aliyeona bora anyongwe kuliko kutajwa na nguruwe?” Watu wakacheka. Vijana wa siku hizi, wale wanaotia sampuli kwenye mashine na kusubiri vinasaba vijieleze vyenyewe, ndio waliocheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilitamani kumwambia afunge domo lake, lakini matanga si mahali pa ugomvi, na mwanamke wa umri wangu akikasirika hadharani huambiwa ana presha, akaletewa maji. Nikamaliza pilau yangu kimya. Nakiandika kisa hicho hapa kwa sababu mimi nilikuwepo, na wale waliocheka hawakuwepo.

Mwaka ule nilikuwa msichana mpya kazini, nimepanga chumba Maili Moja, hapo Kibaha, kwa Mama Neema. Nyumba ilikuwa ya matofali, haijapigwa dari, kuta za vyumba zimeishia njiani na juu yake ni mabati tu, kwa hiyo mtu akipiga chafya sebuleni unamtakia afya ukiwa kitandani kwako. Mama Neema na mumewe walikuwa Wakristo kutoka bara, yeye mama wa nyumbani mwenye genge la mboga kibarazani, mumewe karani wa serikali. Wao walikula nguruwe, mimi Muislamu. Jambo hilo halikujadiliwa kati yetu hata siku moja, lilitendewa kazi tu. Sufuria zangu zilikuwa na rafu yake, na mwiko wangu ulining'inia kwenye msumari wake. Siku moja Neema, aliyekuwa mtoto wa darasa la pili, aliuchukua ule mwiko akakorogea maharage yao. Jioni nilikuta mwiko mpya kwenye msumari. Nikamwambia mama yake, “Mama, yalikuwa maharage tu.” Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua, “Maharage yalikuwa kwenye sufuria gani? Chukua mwiko wako, Rukia.” Mpaka leo nikisikia watu wanapigana kwa sababu ya dini namkumbuka yule mama na mwiko wake, nakasirika upya.

Maabara yetu ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya ofisi za serikali, na kile cha mwisho, chenye jokofu lililonguruma mchana kutwa, tulikiita chumba cha damu. Watu wanadhani kazi ya namna ile ni kumtaja muuaji. Sisi tulikuwa na swali dogo zaidi, linalotangulia mengine yote: hii damu ni ya kiumbe gani? Kwani damu ikishakauka kwenye nguo haikuambii kitu. Ya mtu, ya kuku, ya ng'ombe, zote ni doa la kahawia linalokakamaa. Tulikata kipande cha doa, tukakiloweka kwenye maji ya chumvi mpaka kitoe rangi. Kisha tulikuwa na vioo vidogo vilivyomwagiwa uji mwepesi wa mwani ukaganda, tukautoboa vitundu. Kitundu cha katikati tulitia dawa. Tuliziita dawa, lakini hazikuwa za kutibu: zilikuja kutoka Ulaya kwenye vichupa visivyozidi kidole, kila moja imetengenezwa kutambua damu ya kiumbe kimoja tu. Kulikuwa na dawa ya mtu, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, ya kuku. Kitundu cha pembeni tulitia yale maji ya doa. Vyote viwili husafiri polepole ndani ya uji, na vikikutana na kujuana hujichora mstari mweupe kati yao. Visipojuana, hapatokei kitu. Unafunika, unarudi asubuhi, unatazama kwenye mwanga. Nilikuwa nikiipenda ile asubuhi. Nilikuwa mdogo, na nilidhani jibu likishapatikana kazi imekwisha.

Vielelezo vya Kibwana vililetwa na sajenti wa Kisarawe, mtu mrefu wa maneno mengi na njaa isiyoisha, ambaye hakuwahi kuja ofisini kwetu bila kukuta chapati. Alikuja na panga, shati na gunia, kila kimoja kwenye mfuko wake wa karatasi, na wakati Mzee Temu akikagua lakiri za mifuko yeye akajimiminia chai akaanza kusimulia. Huko Chole, ndani ya wilaya yao, mwanamume mmoja jina lake Shomari alikuwa ametoweka. Kabla ya kutoweka alikuwa amegombana na jirani yake, huyu Kibwana, juu ya mpaka wa shamba la mihogo, na Kibwana alimwambia mbele za watu kwamba iko siku atautambua mpaka ule. Baadaye Shomari haonekani. Wakamtafuta mtoni, wakamtafuta porini, na walipoingia kwenye kibanda cha shambani kwa Kibwana wakakuta panga, shati na gunia, vyote vina damu.

“Tukamuuliza, damu ya nini hii? Anasema nilichinja mbuzi,” alisema sajenti. “Mbuzi wa nani? Wa kununua. Ulinunua kwa nani? Kimya. Ngozi iko wapi? Kimya. Nyama alikula nani? Kimya. Sasa nyie mnaijua Chole? Ukichinja mbuzi kule, hujamaliza kuchuna, shangazi yako wa ng'ambo ya bonde keshamtuma mtoto na bakuli. Mbuzi hachinjwi kimya Chole! Huyu bwana ameua mtu.”

“Ana watu wa kumsemea?” Mzee Temu aliuliza.

“Mzee wangu, kijiji kizima. Ndiye muadhini wa msikiti wao. Wazee wamekuja kituoni na kanzu zao, wanasema huyu ndiye anayetuamsha alfajiri miaka yote, hawezi kuua. Nami nawaambia, basi aniambie mbuzi alitoka wapi.” Akamalizia chapati ya mwisho. Kibwana alikuwa rumande tangu mvua za masika, na sasa ilikuwa kiangazi.

Mzee Temu hakuwa mtu wa haraka. Alisema tuanze na maswali mawili waliyouliza polisi: ni damu ya mtu, na kama si ya mtu, ni ya mbuzi kama anavyodai? Nikaloweka vipande vya shati, vya gunia na mkwaruzo wa panga, nikapanga vioo. Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya wengine. Kwenye dawa ya mtu hapakuwa na mstari. Nilishusha pumzi na kusema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu na jokofu, kwa sababu tangu sajenti aliposema ni muadhini nilikuwa nikimwombea mtu nisiyemjua. Kisha nikainua kioo cha mbuzi. Hapakuwa na mstari pia. Nikadhani dawa imeharibika, maana umeme ulikuwa ukikatika, lakini pembeni yake damu ya mbuzi halisi, niliyoichukua mwenyewe machinjioni Mlandizi, ilikuwa imechora mstari wake vizuri kabisa. Dawa ilikuwa nzima. Mbuzi ndiye hakuwepo. Tukajaribu ng'ombe, kondoo, kuku. Hakuna.

Mzee Temu alifungua jokofu akatoa kichupa kilichokuwa nyuma ya vingine, tulichokuwa tukikitumia kwa nadra. “Imebaki hii,” alisema.

“Mzee, huyu ni muadhini.”

“Nimesikia. Weka.”

“Mzee, huko Chole ni Waislamu watupu.”

“Rukia, sijasema amekula. Nimesema weka.” Hakuwa amekasirika. Alikuwa Mkristo mwenye kusali, na alivaa rozari ndani ya shati, lakini kwenye kile chumba hakuruhusu mtu akisie. Nikaweka.

Kesho yake mstari ulikuwepo. Kwa shati, kwa panga, kwa gunia, kote. Ulikuwa mstari mzuri, umenyooka, mweupe kama uzi wa sanda, ambao siku nyingine ningemwita mwenzangu aje auone. Nikaufunika kwa mkono. Mzee Temu alikuja akausogeza mkono wangu taratibu, akatazama, akasema dawa ile haitofautishi nguruwe wa banda na wa pori, ni ukoo mmoja, na huko shambani lazima ni wa pori. Hapo nikaelewa kwa nini hapakuwa na mbuzi, wala ngozi, wala aliyekula. Kumuua nguruwe pori si aibu kwa mtu yeyote Kisarawe. Anaingia shambani na ukoo wake, kufikia asubuhi mihogo ya mwaka mzima imefukuliwa, na mkulima akimpata anampiga panga, anawatupia mbwa au anamfukia, anajisafisha, mchana yuko msikitini. Kibwana angeweza kulisema hilo akiwa amevaa kofia yake. Tatizo lilikuwa gunia. Damu ilikuwa ndani ya gunia, pamoja na mafuta yaliyoganda kwenye mishono, na gunia maana yake ni kubeba. Anayefukia habebi. Anayebeba anapeleka mahali, na mahali pa kupeleka nyama ile palikuwa kwetu, Kibaha na Mlandizi, kwa watu wa bara. Muadhini alikuwa akiuza nguruwe. Na alichouza kiliingia nyumbani kwake kwa sura ya sukari, mafuta ya taa na kanga za mkewe.

“Mzee,” nilisema, “tuwaandikie si ya mtu. Inatosha. Si ndilo linalomhusu Shomari?”

Akavua miwani. “Na mbuzi? Wameuliza na mbuzi.”

“Tuseme si ya mbuzi.”

“Haya, wewe sasa ndiye mwendesha mashtaka. Mshtakiwa amekwambia mbuzi. Maabara inasema si mbuzi, na haisemi ni nini. Shomari hajaonekana. Utamwachia?”

Nikavitazama tena vile vioo.

“Utasema huyu ni mwongo, na mwongo ana analolificha, mrudisheni rumande tukatafute damu nyingine. Mficha uchi hazai, mwanangu. Jina la huyo mnyama ndilo litakalomtoa.”

“Litamtoa rumande. Nyumbani kwake litamrudisha?”

Nikaona usoni mwake kwamba swali lile alikuwa ameshajiuliza. “Hilo,” alisema, “halimo kwenye vichupa vyangu.” Akavaa miwani yake, akakaa kuandika, akaandika nguruwe kwa mwandiko wake wa kukaza.

Jumamosi ile nilikuwa nimejilaza chumbani, na sebuleni Baba Neema alikuwa na rafiki zake wawili waliotoka naye kula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nyuma ya stendi. Siku zote niliyasikia mazungumzo yao kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Siku ile nilisikiliza. Mmoja alilalamika kwamba nyama ya siku hizi ni ya banda tu, haina ladha. “Tangu yule mzee wa mkaa apotee,” alisema Baba Neema, “hatujala nyama.” Mwingine akauliza mzee gani. “Si yule wa Kisarawe, anakuja na malori ya mkaa, gunia lake limefukiwa chini ya mkaa. Mtu mpole sana yule. Ukimpa hela anapokea kwa mikono miwili. Kofia huwa anaivulia Mlandizi, anaitia mfukoni.” Wakacheka, si kwa ubaya, wakahamia kwenye mpira. Sikuwahi kujua kama alikuwa Kibwana. Kisarawe ina wazee wengi, na malori ya mkaa ni mengi. Lakini nilimwona akilini mwangu pale Mlandizi, katikati ya makelele ya wauza mahindi, anavua kofia yake, anaikunja mara mbili na kuitia mfukoni, nikageukia ukutani.

Mama Neema aliniletea chai nilipochelewa kutoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza nani amenikosea. Siri za kazi sikuzitoa, ila nilimuuliza hivi: mtu akifanya siri jambo ambalo kwenu nyie si kitu, ila kwao ni najisi, na mkewe hajui, siku akijua itakuwaje? Mama Neema alifikiri, akipuliza chai yangu kana kwamba ni ya mtoto. “Mimi na wewe tunakaa pamoja,” alisema, “sijakulisha usichokitaka. Hata ningekuwa na njaa ya kufa nisingekulisha. Sasa huyo mume, kama mkono ulioshika kile ndio uliomletea mkewe unga, basi amemlisha bila kumwambia. Watu watasema dhambi, dhambi. Mimi ningekuwa mke, kidonda changu ni hicho: hukuniambia.” Kisha akasema ninywe chai, na kwamba ugali uko chini ya kawa. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijaona pahali jambo hili lilipoelezwa vizuri zaidi.

Siku ya kesi mwendesha mashtaka aliomba mtu wa maabara awepo, hakimu akiwa na swali ajibiwe, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepanga vile vioo, Mzee Temu alinituma. Nilipanda gari la polisi na sajenti, vielelezo miguuni petu, tukapitia Pugu tukapanda kilima cha Kisarawe, ambako hewa hubadilika ghafla ikawa ya ubaridi. Uwanja wa mahakama ulikuwa umejaa watu wa Chole. Walikuja na gari la kukodi, wazee mbele na kanzu zao, wanawake nyuma, na nilipimwa kwa macho tangu nilipoteremka. Mwanamke mmoja alijitenga na wenzake akaja. Alikuwa mwembamba, kanga imekazwa kichwani, mkononi ana bakuli la bati lililofungwa kwa kitambaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa damu?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Mimi mke wa Kibwana.” Jina lake nililijua baadaye, Bi Mwanaidi. Alitazama nyuma kuhakikisha hakuna anayesikia, akanisogelea. “Niambie, mwanangu. Ni ya mbuzi?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali jingine. Nikamwambia, “Mama, usiogope, wewe muombe Mungu tu, mambo ya mtu kuuawa...”

“Mume wangu hajaua mtu,” alinikatiza. “Hilo sihitaji kuambiwa na mahakama. Nimelala naye tangu nikiwa mwali, namjua. Nakuuliza mbuzi.”

“Siruhusiwi kusema kabla ya hakimu, mama.”

Alinitazama usoni kwa utulivu ambao sikuuelewa wakati ule, akaitikia kwa kichwa. “Basi nimejua. Ingekuwa mbuzi ungecheka.” Akarudi kwa wenzake na bakuli lake, akasimama wima kama kabla. Nilitaka kumkimbilia, nimshike, nimwambie nimejaribu. Sajenti akaniita tuingie ndani.

Ndani kulikuwa na joto licha ya ule upepo wa kilimani. Kibwana aliletwa, mzee mdogo kuliko nilivyomfikiria, kichwa wazi, shati limempwaya mabegani. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo, kisha hakimu akaniita mbele na kuniuliza kama nina hakika damu ile si ya binadamu. Nikasema nina hakika. Nikasikia watu nyuma yangu wakihema, mtu akasema Allahu akbar, mwanamke akaanza kigelegele akazuiwa. Hakimu akasubiri kimya kirudi. “Ni ya mbuzi?” Nikasema si ya mbuzi. “Basi ni ya nini?”

Nilimwangalia Kibwana. Naye aliniangalia, na hakuwa na chuki, alikuwa ananiomba. Nimetoa ushahidi mara nyingi maishani tangu hapo, mbele ya mawakili wakali, na hakuna siku ulimi wangu ulipokuwa mzito kama ile. Nilikuwa binti wa Kiislamu mwenye ushungi, nimesimama mbele ya wazee wanaolingana na babu zangu. Nikasema, “Ya nguruwe, mheshimiwa.”

Hapakuwa na kelele. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama, akanyoosha kanzu yake, akatoka. Akafuata wa pili. Wakatoka mmoja mmoja bila kusukumana, kama watu waliomaliza sala, mpaka mabenchi ya mbele yakabaki matupu. Hakimu, ambaye hakuwa mtu wa pwani, alitazama jambo lile kwa mshangao, kisha akamuuliza mshtakiwa kama ni kweli.

“Ni kweli,” alisema Kibwana. Sauti yake ilikuwa nzuri, na hapo ndipo nilipokumbuka kazi yake. “Walikuwa wanamaliza mihogo. Nikawa nawaua. Kisha nikaona watu wa Kibaha wanaitaka nyama, nami sina kitu. Nikawa nawapelekea.”

“Mzee, ungelisema hili siku ya kwanza usingekaa rumande hata wiki. Unakabiliwa na kesi ya mauaji! Kwa nini hukusema?”

“Mheshimiwa, mkininyonga kwa ajili ya Shomari, nakufa peke yangu, na mke wangu anabaki mjane wa mtu aliyeonewa. Watu wangemsaidia. Nikisema hili, nani atapokea hata maji nyumbani kwake?” Akaitazama kalamu ya hakimu. “Alikuwa hajui. Naomba iandikwe kwamba alikuwa hajui.”

Hakimu aliandika. Mwendesha mashtaka akaomba shauri liondolewe, na Kibwana akaambiwa yuko huru. Hiyo ndiyo sehemu inayowachekesha watu kwenye matanga. Shomari, niwaambie na hilo, alirudi mwenyewe kabla ya mwaka kwisha, mzima wa afya, akitokea Morogoro alikokwenda kukata miwa bila kumuaga mtu. Na nasikia Kibwana hakuadhini tena, ingawa aliishi miaka mingi. Niliyasikia hayo kwa sajenti, kwa hiyo yapunguzeni kidogo. Lakini yaliyotokea pale nje niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama kando ya gari la polisi nikisubiri kuondoka.

Watu wa Chole walikuwa wamekusanyika upande wa pili wa uwanja karibu na gari lao, wametugeuzia mabega. Kibwana alitoka mlangoni akasimama juu ya ngazi, hajui ashuke upande gani. Hakuna aliyemwita. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa barazani na bakuli lake. Nilimwona anainuka, nikadhani anakwenda garini na wenzake, na moyo wangu ukasema ana haki. Hakwenda garini. Alikwenda kwa mlinzi wa mahakama, akaomba ndoo ya maji na kopo. Akarudi, akamshika mumewe mkono, akamkalisha kwenye ngazi ya chini mahali ambapo kila mtu anaona. Akapiga magoti mbele yake. Akachota udongo pembeni ya ngazi kwa kiganja, akaulowesha, akampaka mikononi, vidole kwa vidole, mpaka kwenye viwiko, akamwagia maji. “Moja,” alisema.

Kila aliyekuwa uwanjani alielewa anachofanya. Ndivyo tulivyofundishwa tangu chuoni, kwenye madrasa, kukitakasa kilichoguswa na nguruwe: mara saba, moja kwa udongo. Nimeona jambo hilo likifanywa kwa sahani na kwa visu. Sijawahi kuliona likifanywa kwa mume. Kibwana alijaribu kuirudisha mikono yake, mkewe akaishika. Akamwaga, akasugua, akahesabu, bila haraka, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeosha vyombo nyumbani kwake, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Nami nilikuwa nalia waziwazi, sajenti ananitazama. Upande wa pili wa uwanja wanawake wawili walianza kuja, wakaitwa na waume zao, wakasimama katikati, wakarudi. Alipofika saba alimkausha mikono kwa pindo la kanga yake, akafungua bakuli. Wali na kunde.

“Kula,” alisema.

“Mwanaidi, mimi...”

“Ya nyumbani tutayasema nyumbani. Nina maneno mengi na wewe, na hutayapenda. Sasa kula.”

Hakuweza. Akakaa na mikono yake safi imelala magotini. Gari la Chole liliwashwa, na dereva akapiga honi mara moja, akimtazama Bi Mwanaidi peke yake, kumwonyesha kwamba nafasi yake bado ipo. Hakugeuka. Alinawa mkono wake, akamega tonge, akala yeye kwanza. Akamega la pili, akasubiri. Kibwana akatia mkono ndani ya bakuli kando ya mkono wa mkewe, na walikuwa bado wanakula gari lilipoondoka bila wao.